Kipande cha Mndimu Kwenye Ndoo: Kuota, Kuzaa na Kudumu

Kuna video zinazozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp ya wakulima wa mjini. Mtu anakata tawi la mlimao, analichomeka kwenye kitunguu au kiazi, analifukia ndani ya kopo, na muda si muda kopo lina mti wenye malimao manne ya manjano. Wengi wanajaribu, tawi linakauka, na wanatangaza kwamba jamii ya michungwa haioti kwa vipande. Wakati huohuo jirani ana mndimu uani uliotokana na kipande, anachuma ndimu karibu mwaka mzima, na haelewi wenzake wanashindwa wapi.

Kinachowachanganya watu ni maswali matatu yanayoulizwa kana kwamba ni swali moja. Je, kipande kitatoa mizizi? Je, kitazaa mapema? Je, mti huo utadumu? Kila moja lina jibu lake, na jibu la ndimu silo la chungwa, wala jibu la ndoo ya kibarazani silo la shamba la machungwa la Muheza, Tanga.

Umri unaosafiri na tawi

Nianze na kuzaa, maana ndiko faida kubwa iliko. Ukipanda mbegu ya chungwa leo, mche wake utapitia utoto kwanza: miiba mirefu, matawi yanayokimbilia juu, na hakuna ua hata moja kwa miaka 6, 8, wakati mwingine zaidi ya 10. Mndimu una haraka kidogo, lakini nao hukuweka miaka 3 hadi 6.

Watu husema mbegu huchelewa kwa sababu imepoteza asili ya mama. Mara nyingi sivyo. Mbegu nyingi za machungwa, malimao na ndimu zina viinitete zaidi ya kimoja, na baadhi yake havikutokana na chavua kabisa, bali na nyama ya mti mama mwenyewe. Ndiyo maana mbegu moja ya chungwa ikiota unaweza kuona vichipukizi viwili au vitatu vikitoka pamoja. Mche uliotokana na kiinitete cha aina hiyo ni nakala ya mama kwa kila kitu, isipokuwa umri. Umri umeanza upya. (Mfurungu haufanyi hivyo: kila mbegu yake ni mtoto wa baba na mama, kwa hiyo ladha ya tunda huwezi kuijua hadi siku utakapolimenya.)

Tawi la mti unaozaa halirudi utotoni. Ukilikata na likafanikiwa kupata mizizi, linaendelea kuwa mti mzima, ila sasa ni mdogo wa kimo. Linaweza kuchanua ndani ya mwaka wake wa kwanza, na kwa matunzo ya kawaida ndimu au limao la kipande huanza kuzaa vizuri mwaka wa 2 au wa 3. Hiyo ndiyo siri yote ya kuzaa mapema. Haihusiani na kitunguu, kiazi wala ndizi.

Vipi kuhusu yale malimao manne kwenye kopo? Ama yalikuwa juu ya tawi kabla halijakatwa, ama mti umenunuliwa kitaluni. Kipande kisicho na mizizi hakiwezi kulisha tunda. Tunda hunyonya maji na sukari ambavyo vingetumika kutengeneza mizizi, kwa hiyo ukikata tawi lenye maua au matunda, yaondoe yote kabla hujalipanda.

Kwa nini ndimu huota na chenza hugoma

Sote tumezoea muhogo: unakata pingili, unaichomeka ardhini, imeota. Pingili ya muhogo ina akiba ya wanga ya kutosha kujilisha bila jani hata moja. Kipande cha mchungwa hakina akiba hiyo. Kinategemea majani yake, ambayo hutengeneza sukari na, pamoja na machipukizi, hupeleka chini homoni inayoziamsha seli zilizo chini ya gome zianze kujenga mizizi. Majani yakidondoka, safari imekwisha, hata kama kijiti kitabaki cha kijani kwa wiki kadhaa.

Lakini jani lilelile linalokipa kipande uhai ndilo linalokikausha, kwa sababu linatoa maji hewani na chini hakuna mizizi ya kuyarudisha. Kazi yako yote katika wiki za mwanzo ni hiyo moja: jani lisikauke kabla mizizi haijatoka.

Aina nazo hazilingani. Ndimu, limao na lile limao la ngozi ngumu yenye makunyanzi hutoa mizizi kwa urahisi. Ndimu kubwa isiyo na mbegu, inayoitwa Tahiti, nayo huota vizuri, na kwa vile haina mbegu, tawi lake ndiyo njia pekee ya kuizalisha. Chungwa tamu huota kwa kusuasua, balungi hivyohivyo, na chenza husumbua kuliko wote. Anayeongoza kwa urahisi ni etrogi, limao kubwa la ngozi nene ambalo Wayahudi hulitumia katika sikukuu ya Sukoti. Mapokeo yao hayakubali tunda la mti uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya mizizi ya mti mwingine, kwa hiyo wakulima wa Calabria, kusini mwa Italia, huotesha miti hiyo kwa vipande.

Sasa tawi lenyewe. Chipukizi jipya la jamii hii si la mviringo. Lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi pembe tatu. Hilo ni changa mno, litaoza. Linapokomaa hujaa, pembe hufutika, na gome huanza kupata mistari myembamba iliyopauka huku likiwa bado la kijani. Hapo ndipo pa kukata: unene wa penseli au pungufu kidogo, limetokana na msimu uliopita, halina ua wala tunda. Gome likishageuka rangi ya udongo, umechelewa kidogo. Litaota, ila kwa shida zaidi.

Kata asubuhi mapema, tawi likiwa limejaa maji, kwa mkasi wa kupogolea au kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Urefu uwe sentimita 12 hadi 15, ukiwa na macho (sehemu za kuchipukia) manne au matano. Mkato wa chini upite karibu kabisa chini ya jicho. Ondoa majani ya chini, acha mawili au matatu ya juu, na kama ni mapana yakate nusu. Kwangua gome kidogo upande mmoja wa kitako, kama sentimita moja na nusu, hadi uone weupe; mizizi hupenda kutokea kwenye kidonda hicho. Kama duka la pembejeo lililo karibu nawe lina unga wa homoni ya mizizi, chovya kitako, kung'uta unaozidi. Kwa ndimu unaweza kuukosa na bado ukafanikiwa. Kwa chungwa nisingejaribu bila huo unga. Kitunguu na kiazi viachie jikoni: vikianza kuoza ardhini hukaribisha ukungu palepale kwenye kidonda.

Udongo wa kuoteshea usiwe na samadi wala mboji. Kipande hakina mdomo wa kula bado, na mbolea huleta vijidudu vya kuozesha. Mchanga wa mto uliooshwa, uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi, unatosha. Bara, ambako makumbi ni adimu, tumia pumba za mpunga zilizochomwa hadi zikawa mkaa. Tumia glasi ya plastiki inayoonyesha ndani, itoboe chini, kisha ichopeke ndani ya kopo jeusi ili mizizi ipate giza. Fukia macho mawili, mwagilia mara moja mpaka maji yatoke chini, halafu funika kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako.

Weka mahali penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Watu wengi huharibu hapa: chupa iliyofunikwa ikipigwa na jua la saa sita, ndani hugeuka chungu. Kivuli cha mwembe au upande wa kaskazini au kusini wa nyumba, kutegemea jua lilipo msimu huo, hufaa. Fungua kifuniko kila baada ya siku mbili tatu hewa ibadilike. Usimwagilie kwa mazoea. Kama matone yanaonekana ndani ya chupa, maji yapo.

Baada ya wiki mbili hivi macho yanaweza kuchipua vijani vidogo, na hapo furaha huwapoteza watu. Vijani hivyo si ushahidi wa mizizi. Macho huweza kufunguka kwa nguvu ndogo iliyobaki kwenye kijiti wakati chini hakuna kitu, na ukiondoa chupa siku hiyo, kesho yake vimenyauka. Ndiyo faida ya ile glasi: itoe kwenye kopo, itazame. Kwanza kitako hutoa uvimbe mweupe, kisha mizizi minene myeupe hujitokeza ukutani mwa glasi. Kwa ndimu na limao ni wiki 4 hadi 8 palipo na joto. Chungwa linaweza kuhitaji miezi 3, na katika vipande vingi hesabu kwamba vichache ndivyo vitakavyobaki. Ukishaona mizizi, toboa chupa, baada ya siku chache inyanyue kidogo, kisha iondoe. Kuzoesha huku kuchukue wiki nzima.

Tawi linaloota likiwa bado juu ya mti

Kwa aina zinazogoma kuna njia nyingine, na naipenda kuliko vipande: kuliotesha tawi kabla hujalikata. Chagua tawi lililokomaa lenye unene wa kidole. Zungushia mikato miwili iliyoachana sentimita 2 hadi 3, bandua gome lote katikati yake, kisha kwangua ule utelezi uliobaki juu ya mti hadi pakauke. Funga konzi mbili za makumbi yaliyolowekwa na kukamuliwa, zungushia plastiki, kaza juu na chini, kisha funika kwa plastiki nyeusi.

Ujanja wake uko kwenye njia mbili za ndani ya tawi. Maji hupanda kupitia mti wa katikati, ambao hukuugusa, kwa hiyo majani hayakauki. Sukari na homoni hushuka kupitia gome, na gome umeliondoa. Vinarundikana kwenye ukingo wa juu wa kidonda, na hapo ndipo mizizi inapotoka. Ule utelezi ukiuacha, gome litajirudisha na mizizi haitakuja. Baada ya miezi 2 au 3, mizizi ikionekana imejaa, kata chini ya fundo, punguza nusu ya majani, panda kivulini. Wakulima wa Thailand na Vietnam huzalisha mafurungu yao kwa njia hii. Kwa balungi na chungwa la nyumbani hii ndiyo ningependekeza, maana mama anaendelea kulilisha tawi muda wote wa kusubiri.

Usikate mti wowote tu

Kipande kikibeba umri na ladha ya mama, hubeba na maradhi yake. Hili watu hawalipi uzito unaostahili, na madhara yake hayaishii uani kwako.

Ugonjwa mbaya kuliko yote duniani kwa jamii hii leo ni huanglongbing, unaofupishwa HLB, unaosababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mishipa ya mti. Hauna tiba. Aina ya Kiafrika hupenda baridi ya milimani, ikisambazwa na mdudu mdogo anayefyonza majani machanga na kuyaachia vipele juu na vishimo chini. Mdudu wa aina ya Kiasia, anayestahimili joto la pwani, naye ameshapatikana Tanzania na Kenya.

Kabla ya kukata, chukua jani lililokomaa, litazame pande mbili za mshipa wa kati. Jani lenye upungufu wa madini huwa na umanjano unaolingana kushoto na kulia. Jani la HLB lina mabaka yasiyolingana: upande huu baka kubwa, upande ule halipo au liko kwingine. Tazama na matunda. Yakiwa madogo, yamepinda upande mmoja na mbegu zake zimesinyaa, usichukue kitu kwenye mti huo. Bado jicho halioni kila kitu, kwani mti unaweza kuwa na maradhi miezi mingi bila kuonyesha. Kwa hiyo chukua kwenye mti mzima wenye afya ulioujua kwa miaka, na usisafirishe vipande kutoka wilaya moja hadi nyingine kwa sababu tu vimepatikana bure.

Oman, nchi ya ndimu kavu zinazotiwa kwenye mchuzi na chai, ilipata pigo la aina yake. Tangu miaka ya 1970 mindimu yake ilishambuliwa na maradhi yanayofanya tawi litoe vijitawi vyembamba vilivyosongamana kama ufagio, kisha mti unakufa ndani ya miaka michache. Tawi lililoambukizwa likipandwa kwingine, ugonjwa umehama nalo.

Kudumu ni suala la mizizi

Kama kipande huota na huzaa mapema, kwa nini vitalu vyote vinahangaika na kubebesha? Sababu ya kwanza ni hesabu: tawi moja lenye macho kumi hutoa miche kumi ya kubebesha, lakini vipande viwili tu vya kuotesha. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Chungwa tamu lina tunda zuri na mizizi dhaifu. Katika udongo unaotuamisha maji, vimelea vya Phytophthora huozesha mizizi na gome la chini, gundi hutiririka shinani, mti hufa polepole.

Chungwa la Washington, lile lenye kitovu, linaonyesha jambo hili vizuri. Mwaka 1873 Eliza Tibbets wa Riverside, California, alipokea miche iliyotokana na mti wa Bahia, Brazil. Tunda halina mbegu, kwa hiyo machungwa ya California ya aina hiyo yote yalizaliwa kwa kuhamisha macho ya miche ile. Mmoja wake bado uko hai. Lakini mizizi yake ilipoanza kuoza, mwaka 1918 wataalamu walipanda miche mingine kuzunguka shina na kuiunganisha nalo ili iulishe. Mti umedumu zaidi ya karne kwa mizizi ya kuazima.

Afrika Mashariki vitalu vingi hubebesha juu ya limao la ngozi ya makunyanzi, kwa sababu huvumilia ukame na hukua kwa nguvu. Hapo ndipo inapotokea ile habari ya mitaani kwamba mchungwa "umegeuka" mlimao. Haujageuka. Sehemu ya juu imekufa au imezidiwa, na maotea yaliyotoka chini ya kiungo, ambayo siku zote yalikuwa mlimao, yamechukua nafasi. Mti wa kipande hauna tatizo hilo. Mbuzi akiula hadi chini, utakachochipua ni ndimu ileile.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kwa ndimu na limao, kwenye ndoo au ua wenye udongo usiotuamisha maji, tumia kipande bila wasiwasi. Kwa shamba la machungwa la kibiashara, usithubutu. Nunua miche iliyobebeshwa kwenye kitalu unachokiamini. Na popote utakapopanda mti wa kipande ardhini, uwekee mti wa kuegemea miaka ya mwanzo, kwa kuwa hauna mzizi mkuu na upepo wa kusi unaweza kuung'oa.

Kutoka mizizi hadi tunda

Usitoe kipande kwenye glasi ukakirusha kwenye ndoo ya lita 20. Udongo mwingi usio na mizizi hukaa na maji na kuchacha. Anza na kiriba au kopo la lita 2 au 3, kisha lita 10, mwaka wa pili ndoo kubwa yenye matundu ya kutosha. Mwagilia kidole kikikuta pakavu sentimita 3 au 4 kwenda chini. Sasa mboji na samadi iliyoiva zina kazi. Unguja, Mombasa na kwingine kwenye udongo wa mawe ya matumbawe, majani mapya hutoka ya manjano yenye mishipa ya kijani: chuma na zinki vipo, ila chokaa imevifungia. Hapo mbolea ya majani yenye madini hayo husaidia kuliko kuongeza samadi.

Maua ya mwaka wa kwanza yachume yote. Inauma, lakini kijiti cha sentimita 30 kinachobeba ndimu tatu hudumaa msimu mzima. Baadaye, mti ukiwa na majani ya kutosha, subiri kiangazi kifanye kazi yake. Jamii hii huchanua pale ukame unapokatika ghafla kwa mvua, na kwenye ndoo unaweza kuutengeneza ukame huo: punguza maji wiki 2 au 3 hadi majani yaanze kujikunja kidogo alasiri, kisha mwagilia vizuri na kuweka mbolea. Huhitaji mti wa pili, ua hujitosheleza. Vitunda vingi vidogo vitadondoka, ni kawaida. Vitakavyobaki vya ndimu huwa tayari baada ya miezi 4 au 5.

Adui utakayemwona kwanza ni kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege juu ya jani. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya machungwa zenye harufu kali. Ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi na manjano. Mwokote kwa mkono. Wawili tu humaliza majani yote ya mti mdogo kwa siku chache.

Anayetaka chungwa na ana ndoo tu, anaweza kuunganisha njia zote mbili. Otesha kipande cha limao la makunyanzi, kikuze hadi shina lifikie unene wa penseli. Sentimita 15 juu ya udongo chora mkato wa herufi T, fungua gome, ingiza jicho la mchungwa unaozaa lililochongwa na kipande chembamba cha gome lake, kisha zungushia plastiki kwa kukaza. Baada ya wiki 3 fungua. Jicho likiwa bado la kijani, limeshika. Kata sehemu ya juu ya mlimao sentimita chache juu yake, na kila chipukizi litakalotoka chini ya kiungo ling'oe lingali dogo kwa vidole. Chungwa lililobebeshwa hivi kwenye ndoo huweza kukupa maua mwaka wa 2, na matunda ya kwanza ya kula mwaka wa 3.